Maji ya waipa yasigande: mwongozo kamili kwa dereva wa nchi za theluji

Ukiendesha gari Minneapolis, Winnipeg, Leeds au Stockholm mwezi wa Januari, kinachokuziba macho mara nyingi si theluji inayoanguka. Ni tope la chumvi. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, barafu inakuwa rojo la kijivu, na lori lililo mbele yako linakurushia rojo hilo kiooni. Waipa zikipita bila maji zinalipaka tu, likikauka kioo kinakuwa cheupe, na jua la huko, ambalo majira ya baridi hukaa chini siku nzima, linapiga moja kwa moja kwenye huo weupe. Unavuta kijiti cha maji, pampu inanguruma, hakitoki kitu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, na wewe huoni.

Wengi tuliojifunzia gari Nairobi, Dar au Bukavu tulizoea kujaza maji ya bomba kwenye kile kitangi, labda na tone la sabuni ya vyombo, na maisha yakaenda. Mazoea hayo hufa usiku wa kwanza wa baridi kali, na kila mgeni hulijua hilo haraka. Kosa la pili ndilo gumu kulistukia: kununua galoni la buluu lililoandikwa -29°C, kulimimina juu ya maji yaliyokuwamo, kisha kujiona umemaliza. Namba ya kwenye lebo ni ya kilichomo ndani ya chupa. Kilichomo ndani ya gari lako ni kitu kingine.

Kwa nini yanaganda wakati lebo imesema hayagandi

Kitangi cha maji ya waipa huchukua kama lita 3 hadi 5, na kwa magari mengi kimejificha nyuma ya bampa au juu ya tairi la mbele, mbali na injini. Chini yake kuna pampu ndogo ya umeme iliyochomekwa kwenye mpira. Toka hapo maji hupita kwenye paipu nyembamba hadi kwenye vitundu vya kurushia, ambavyo hukaa juu ya boneti au chini ya ukingo wake. Njiani mara nyingi kuna vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, kwa hiyo paipu hubaki imejaa hata gari likiwa limeegeshwa. Paipu hiyo na vitundu vile hupoa kabla ya kitu kingine chochote.

Maji ya waipa ya baridi ni maji na aina fulani ya alkoholi, pamoja na kisafishio kidogo na rangi. Alkoholi ndiyo inayozuia kuganda, na alkoholi hupungua kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuchanganyika na mabaki. Tuseme kitangi cha lita 4 kina lita 2 za maji matupu, ukaongeza lita 2 za aina ya -29°C yenye methanoli (mojawapo ya alkoholi hizo). Hupati -29. Hupati hata nusu yake: unaishia kwenye -11 au -12 hivi. Kwa Birmingham hiyo inatosha siku nyingi. Kwa Winnipeg huo ni mchana wa kawaida.

Ya pili ni kuvukiza. Alkoholi huruka upesi kuliko maji. Pale kwenye ncha ya kitundu kuna tone dogo linalopigwa na upepo wakati wote. Alkoholi yake inaondoka, maji yanabaki, yanaganda, yanakuwa kizibo. Ndiyo maana gari linaweza kuwa na tangi zima la maji mazuri na bado lisirushe kitu. Chupa uliyoiacha gereji bila kuifunga vizuri nayo hudhoofika hivyo hivyo.

Ya tatu hutokea kwenye kioo chenyewe. Ukirusha maji kwenye kioo baridi huku gari linakimbia, alkoholi inavukiza kwa sekunde chache na kuondoka na joto, na mabaki yanashuka chini ya baridi ya hewa iliyoko nje. Kwa macho huonekana hivi: maji yanasambaa vizuri, waipa inapita mara moja, halafu pembeni panaanza kuota mistari myeupe inayokimbilia katikati, na kabla waipa haijarudi kioo kizima kimefunikwa na utando wa barafu. Maji ya kiwango cha -10°C yanaweza kukufanyia hivyo ingawa nje ni -5 tu.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni kununua kinga inayozidi baridi mbaya kabisa ya unakoishi kwa nyuzi 10 au zaidi. Bei haitofautiani sana.

Hatua ya 1: Chagua kwa namba, si kwa rangi

Rangi haikuambii kitu cha uhakika. Marekani buluu mara nyingi ni ya -20°F, lakini kuna ya buluu isiyokinga kabisa, na kuna ya kijani ya kuondoa wadudu ambayo ni ya kiangazi. Soma namba, kisha angalia kama ni Farenhaiti au Selsiasi:

- 32°F ni 0°C
- 0°F ni karibu -18°C
- -20°F ni karibu -29°C
- -40°F na -40°C ni baridi ile ile

Ukiwa Ohio au Kentucky, -20°F inatosha miaka mingi. Minnesota, North Dakota na Iowa ya kaskazini, tafuta -30°F au chini zaidi. Canada, chupa za -40°C na -45°C zinauzwa kila mahali, hadi kwenye vituo vya mafuta. Usihangaike na nyingine. Ukinunua gari au chupa California jihadhari: sheria za hewa safi za jimbo hilo zinabana sana kiasi cha alkoholi, na maji mengi yanayouzwa maeneo ya chini kama Los Angeles hayakingi baridi. Anayehama toka San Diego kwenda Denver mwezi wa Desemba ana tangi linalosubiri kupasuka.

Ulaya mambo ni tofauti. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwauzia wananchi maji ya waipa yenye methanoli ya 0.6% au zaidi, na marufuku hiyo ikaanza kufanya kazi Mei 2019, sababu kubwa ikiwa watu waliokuwa wakiyanywa kama pombe ya bei chee na kufa. Kwa hiyo huko utakuta alkoholi nyingine, ethanoli au isopropanoli, na harufu yake kali ndani ya gari ni ya kawaida.

Uingereza utakutana na aina mbili. Moja imeshachanganywa, unamimina tu. Nyingine ni nzito, ya kuchanganya mwenyewe, na nyuma yake kuna jedwali dogo ambalo watu hawalisomi. Namba kubwa ya mbele ni ya maji hayo yakiwa hayajaongezwa kitu. Ukichanganya nusu kwa nusu, kinga hushuka hadi nyuzi chache chini ya sifuri. Ukichanganya moja kwa kumi, hayo ni maji ya kiangazi. Majira ya baridi mimi ningeyatumia bila kuyaongeza, au kwa kipimo cha kwanza kabisa cha jedwali. Na changanya ndani ya chupa nje ya gari, kwa sababu ndani ya kitangi maji mazito na mepesi hayachanganyiki vizuri mpaka gari litembee.

Hatua ya 2: Toa yaliyomo

Njia rahisi ni kuyamaliza kwa kuyatumia. Mwishoni mwa Septemba acha kujaza, safisha kioo mara kwa mara, yaishe yenyewe. Ukiwa umechelewa, rusha hadi yakatike, lakini kwa vipindi: kama sekunde 10, pumzika, tena. Pampu hizi si za kufanya kazi mfululizo, na maji ndiyo yanayoipoza, kwa hiyo sauti ikibadilika ikawa nyepesi na ya juu, acha.

Kama kitangi kimejaa, kivute kwa paipu nyembamba na bomba kubwa la sindano, au pampu ya mkono. Ule mtindo wa kunyonya kwa mdomo kama watu wanavyonyonya petroli usiulete hapa. Sababu utaisoma chini. Aliye na mkono wa ufundi anaweza kuchomoa pampu toka kwenye mpira wake, maji yote yakashuka kwenye beseni, na akapata nafasi ya kuosha kichujio kidogo kilicho pale. Kwa gari lililoishi na maji ya bomba kwa muda mrefu, utakuta utelezi wa kijani humo. Uoshe wote, maana huo ndio unaokwenda kuziba vitundu.

Kabla ya kumimina kipya, hakikisha mfuniko. Wa maji ya waipa una alama ya kioo cha gari na maji yanayoruka juu yake, na hufunguka kwa kuinua tu. Wa maji ya rejeta huzungushwa, una onyo la joto, na ukifunguliwa injini ikiwa ya moto unaweza kukuunguza uso. Magari mengine yameiweka miwili karibu karibu.

Hatua ya 3: Yafikishe hadi mwisho

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Umejaza maji mapya, lakini paipu bado ina ya zamani, na ya zamani ndiyo yatakayoganda. Rusha mpaka uone rangi mpya ikitoka kwenye kila kitundu, au usikie harufu ya spiriti.

Kisha nenda nyuma. Gari lenye waipa ya nyuma lina paipu inayopita urefu wote wa gari, ndani ya vizingiti vya milango au darini, na inabeba maji mengi kuliko ya mbele. Inahitaji kurushwa mara nyingi zaidi kuliko unavyodhani. Ikigandia humo hukai tu bila kioo cha nyuma: maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu 9%, yanachomoa kiungio, na yakija kuyeyuka maji yanamwagika darini au kwenye buti. Magari yenye maji ya kuoshea taa za mbele, washa taa kisha rusha, nazo zipate.

Hatua ya 4: Pima ulichonacho

Kinga maji yanayotoka kwenye kitundu, si ya kwenye chupa, weka kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko na ukiache nje usiku wa baridi kali. Friza ya nyumbani nayo inafaa kwa sababu hukaa karibu na -18°C, lakini kama maji yako yana methanoli nisingeyaweka karibu na chakula.

Asubuhi usitafute donge gumu. Mchanganyiko wa alkoholi haugandi ghafla. Kwanza huota chembe ndogo zinazoelea, kisha unakuwa rojo. Tikisa kichupa ukiangalia kwenye mwanga. Ukiona chembe, ujue kwenye kitundu chenye upana wa sindano tayari ni kizibo. Ongeza maji makali zaidi, rusha, pima tena.

Mafundi wengi wa huko wana kifaa kidogo cha kutazamia kwa jicho, kile cha kupimia maji ya rejeta, na baadhi vina mstari wa pili kwa ajili ya maji ya waipa. Ukipeleka gari kubadilisha oili Oktoba, omba wakupimie. Ni kazi ya tone moja.

Hatua ya 5: Namna ya kuyatumia

Washa gari, elekeza hewa yote kwenye kioo cha mbele, weka joto la juu na AC (inakausha hewa), na zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kwangua barafu kwa kikwanguo, ondoa theluji kwenye boneti na kwenye vitundu. Usirushe maji mpaka kioo kipate uvuguvugu chini pale waipa zinapolala. Mrusho wa kwanza ufanye ukiwa umesimama. Kama utaleta utando wa barafu, ulete hapo na si kwenye barabara kuu.

Usiku, inua mikono ya waipa isigandie kioo, kama gari lako linaruhusu. Na kabla ya kuzima gari hakikisha waipa zimezimwa: ukiwasha asubuhi zikiwa zimegandia, mota itavuta bure, ipasue mpira au iunguze fyuzi.

Beba galoni la akiba kwenye buti. Siku ya tope la chumvi tangi zima linaweza kwisha ndani ya safari moja ndefu, na vituo vya kando ya barabara huwa vimeuza yote siku hiyo hiyo.

Yakiwa yameshaganda

Kwanza acha kubonyeza. Pampu iliyoshikwa na barafu inavuta umeme mwingi, na ukiilazimisha unaunguza fyuzi au pampu yenyewe.

Sikiliza. Ikinguruma bila kitu kutoka, tatizo liko kwenye vitundu au paipu. Fungua boneti, chomoa paipu karibu na kitundu, mwombe mtu abonyeze kidogo: maji yakitoka hapo, kitundu ndicho kimeziba. Kiguse na kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, au kipulizie dawa ya kuyeyushia barafu ya dukani, kisha kipitishe pini nyembamba taratibu bila kugeuza mwelekeo wake. Yasipotoka, barafu iko chini zaidi.

Ikiwa kimya kabisa, pampu imeganda au fyuzi imekatika. Usibadilishe fyuzi kabla ya kuyeyusha, utaunguza na hiyo mpya.

Dawa ya kweli ni joto la polepole. Egesha kwenye jengo lenye hita: maegesho ya chini ya duka kubwa, gereji ya rafiki, sehemu ya kuoshea magari iliyo ndani. Saa chache zinatosha mara nyingi. Kuacha injini ikinguruma nje husaidia magari ambayo kitangi kiko karibu nayo, lakini kwa yale yenye kitangi nyuma ya bampa utachoma petroli bure. Na usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, wala huku bomba la moshi limefukiwa na theluji. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina harufu na inaua familia nzima ndani ya nyumba iliyoungana na gereji. Kama kitangi kina nafasi, ongeza maji ya -40°C yatafune barafu toka juu, lakini yanakwenda taratibu.

Yakishayeyuka, chungulia chini ya gari. Kidimbwi karibu na tairi la mbele maana yake paipu imechomoka au kitangi kimepasuka. Paipu unairudishia mwenyewe kwa dakika chache. Kitangi kilichopasuka ni cha kubadilisha. Gundi haishiki vizuri kwenye plastiki ile.

Usivijaribu hivi

Maji ya moto kwenye kioo kilichoganda: kioo kinapata joto upande mmoja na kupasuka, hasa kama kilishagongwa na kokoto. Maji ya rejeta ndani ya kitangi cha waipa: yanaacha mafuta kiooni usione kabisa usiku, yanaharibu rangi ya gari, na ethilini glaikoli iliyomo ni sumu yenye utamu ambao watoto na mbwa huufuata. Siki ya jikoni, ambayo mitandaoni husifiwa sana, ina tindikali ya 5% tu na huganda nyuzi kama mbili chini ya sifuri. Chumvi itakula pampu. Pombe kali ya 40% inafanya kazi kweli, lakini kwa bei yake ni heri ununue maji halali mara kumi.

Methanoli nyumbani

Galoni hilo la buluu la Amerika ya Kaskazini linafanana na kinywaji cha watoto, na ni sumu kali. Kiasi kama mililita 30 za methanoli kinaweza kumuua mtu mzima, na pungufu ya hapo kinaweza kumpofusha. Dalili huchelewa, pengine hadi kesho yake, kwa hiyo mtoto aliyekunywa funda moja ataonekana mzima. Usimsubirie atapike wala usimpe maziwa ukakaa. Marekani piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote. Kwingine piga namba ya dharura.

Usiyahamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Yaweke mbali na jiko na sigara, kwani yanashika moto na moto wake hauonekani vizuri mchana. Yakikumwagikia nguo, vua uoshe.

Baridi ikiisha

Usirudi haraka. Minnesota theluji ya Aprili ni kawaida, na huko Canada wengi huacha maji ya baridi hadi Mei. Na ukiyatoa, usirudishe maji ya bomba. Mwaka 2010 shirika la kulinda afya la Uingereza, HPA, lilitoa utafiti uliohusisha maji matupu ya kwenye kitangi cha waipa na homa ya mapafu ya Legionnaires kwa madereva: bakteria huzaliana kwenye maji ya uvuguvugu yaliyotuama, kisha dereva huvuta mvuke wake yanaporushwa. Maji ya waipa ya kiangazi huzuia hilo. Uingereza pia maji ya waipa ni sehemu ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari, na tangi tupu linaweza kukufelisha.

Kilichobaki cha baridi kifunge vizuri, andika mwaka kwenye chupa kwa kalamu, kiweke mahali pa juu penye kivuli. Oktoba ukikifungua, kipime kwenye kichupa kabla ya kukitegemea. Kama kimedhoofika, kimalize kwenye siku za mwanzo wakati nje bado ni nyuzi tano au sita juu ya sifuri.